Kimeo, Meno ya Plastiki na Mdudu wa Jino: Sehemu za Kinywa Zinazogeuzwa Ugonjwa

Mtoto akikohoa wiki ya pili bila kupona, hasa hapa Tanzania, hachelewi kutokea jirani, shangazi au bibi wa kusema kwamba "huyo ana kimeo". Akiharisha na kuchemka mwili akiwa na miezi sita au saba, atasemekana kuwa na meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Mtu mzima ambaye gego lake limetoboka naye huambiwa kuwa kuna mdudu analila kwa ndani. Kauli hizi husemwa kwa nia njema na watu wanaowapenda wagonjwa wao, na siku hizi zimetoka barazani na kuingia katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, ambako mtu huulizia kikohozi cha mwanawe na ndani ya dakika chache akapewa namba ya simu ya mkata vimeo. Zote tatu zina kosa moja: zinachukua sehemu ya kinywa ambayo kila binadamu amezaliwa nayo na kuifanya ugonjwa. Kwa kuwa matokeo yake ni watoto wachanga kukatwa kwa wembe na kuchokolewa ufizi kwa spoki ya baiskeli, ni lazima tujue vizuri mle ndani mna nini, kila kitu kimekaa wapi na kinafanya kazi gani.

Tuanze na maana ya maneno. Katika makala haya, mdomo ni ile nyama ya nje, wa juu na wa chini. Kinywa ni uwazi wote ulio nyuma ya midomo, unaozungukwa na mashavu pande mbili, ulimi upande wa chini na kaakaa upande wa juu, na ambao mwisho wake ni pale koo linapoanzia. Ufizi ni nyama inayozunguka shina la meno na kufunika mfupa wa taya. Kaakaa lina sehemu mbili ambazo unaweza kuzitambua sasa hivi kwa ncha ya ulimi wako: anzia nyuma ya meno ya mbele ya juu, utahisi mikunjo midogo, kisha sehemu ngumu iliyotandwa juu ya mfupa, kisha ukizidi kurudi nyuma utafika mahali palipo laini na penye kubonyea. Hilo la mbele ni kaakaa gumu, na la nyuma ni kaakaa laini, ambalo halina mfupa kwa sababu kazi yake ni kutembea.

Sasa chukua kioo na tochi ya simu, fumbua kinywa na utazame nyuma kabisa. Katikati, kwenye ukingo wa kaakaa laini, kinaning'inia kinyama chekundu kilichochongoka. Hicho ndicho kimeo, ambacho sehemu nyingine huitwa kilimi au kidakatonge. Kulia na kushoto kwake, ndani ya vijishimo viwili, kuna vinundu viwili vyenye uso wa mashimomashimo. Hizo ni tezi za koo, ambazo wengi huziita tonsesi, na zikiwaka moto kwa maambukizi ndipo tunasema mtu ana mafindofindo. Watu wengi huchanganya vitu hivi viwili, na mzazi anayeambiwa na daktari kuwa tezi za mwanawe zimevimba anaweza kurudi nyumbani akisimulia kuwa daktari amekiona kimeo. Daktari amekiona kweli, kwa sababu kila mtu anacho.

Ukiwa bado mbele ya kioo, tamka "aaa" kwa nguvu. Utaona kaakaa laini likiinuka na kimeo kikipanda nalo. Jambo hilohilo hutokea kila unapomeza: kaakaa laini na kimeo huinuka kwenda nyuma na kuziba njia inayopanda puani, ili uji uteremke kwenye umio badala ya kutokea puani. Umuhimu wa kuziba huku unaonekana wazi kwa mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, hali ambayo mara nyingi huambatana na mdomo sungura. Kwa kawaida mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Pande mbili zisipokutana wakati huo, mtoto huzaliwa na uwazi, maziwa humtoka puani anaponyonya na baadaye sauti yake husikika kana kwamba anasemea puani. Hakuna laana katika jambo hilo, na upasuaji wake upo.

Kuna usemaji pia. Unapotamka p, b au s, njia ya pua lazima ifungwe ili pumzi yote ipite kinywani. Unapotamka m, n au ng', njia hiyo hufunguliwa na sauti ikapita puani. Mwanafunzi wa madrasa anayefundishwa kutamka herufi qaf huelekezwa kuinua shina la ulimi likutane na kaakaa laini, jirani kabisa na kimeo. Zaidi ya hayo, kimeo kimejaa vitezi vidogo vinavyotoa ute mwepesi wa kulainisha koo. Mtu anaweza kuishi bila kimeo, hilo ni kweli, na waliokatwa utotoni wengi wanaongea na kula vizuri leo. Lakini kuweza kuishi bila kiungo hakukifanyi kiungo hicho kuwa maradhi.

Je, kimeo kinaweza kusababisha kikohozi? Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu anayeamini jambo hili ameona kitu cha kweli. Kimeo kinaweza kuvimba. Huvimba kwa maambukizi ya koo, kwa mzio, hata kwa kukoroma usiku kucha, na kikivimba kinaweza kugusa shina la ulimi na kumfanya mtu ahisi kutapika au kuwa na kitu kooni. Mzazi anayemulika koo la mtoto mwenye mafua atakiona chekundu na kirefu, na ni rahisi kuamini kuwa amekamata chanzo. Ila hapo mpangilio umepinduliwa: ugonjwa uleule unaomkohoza mtoto ndio uliokivimbisha kimeo. Kikohozi chenyewe huamshwa hasa na mishipa ya fahamu iliyo chini zaidi, katika koromeo, bomba la hewa na matawi yake yanayoingia mapafuni. Kinachoamsha huko ni virusi vya mafua, pumu, homa ya mapafu, kifaduro, kifua kikuu, moshi wa kuni, au kamasi zinazochuruzika kutoka puani mtoto akilala.

Basi mbona wengine hupona baada ya kukatwa? Kwa sababu kikohozi kingi cha watoto kinachotokana na virusi huisha chenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Familia huanza na dawa ya maji ya dukani, ikaja asali na tangawizi, ikaja kusubiri, na inapofika kwa mkata vimeo kikohozi kiko mwishoni mwa safari yake. Siku tatu baadaye mtoto ametulia na sifa zote anapewa mkataji. Ambaye hakupona haulizwi sana. Huambiwa kuwa kimeo hakikukatwa chote au kimeota tena.

Gharama ya imani hii hulipwa na mwili mdogo. Mtoto mchanga ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 5 ana mililita 400 tu mwili mzima, pungufu ya nusu lita. Damu ambayo mtu mzima angeitema na kuisahau inaweza kumwangusha mtoto huyo, tena nyingi huimeza ikafichika tumboni. Chombo kisichochemshwa huleta pepopunda na maambukizi ya damu, na chombo kinachotumika kwa watoto kadhaa kinaweza kuhamisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Hatari ya mwisho haina damu lakini inanitisha kuliko zote: mtoto mwenye kifua kikuu au pumu anapoteza wiki kadhaa za matibabu huku nyumbani wakisubiri kidonda kipone. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili ni sababu ya kwenda kituo cha afya kupimwa. Kukata kimeo si desturi ya hapa peke yake. Hufanyika Kenya na Ethiopia, na kwa Wahausa wa Nigeria na Niger watoto wengi wamekatwa siku chache tu baada ya kuzaliwa. Wapo pia watu wazima wachache wanaopunguzwa kimeo na madaktari kwa tatizo la kupumua usingizini, lakini hao hupimwa kwanza na hukatwa katika chumba cha upasuaji.

Tuje kwenye meno. Mtoto ana meno 20 ya utotoni na mtu mzima ana 32. Kwa mtu mzima, manane ya mbele ni ya kukatia, manne yaliyochongoka kwenye kona ndiyo chonge, nyuma yake yamo magego madogo manane, na mwisho magego makubwa 12, yakiwemo yale manne ya mwisho ambayo kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25 na kwa wengine hayaoti kabisa. Kila jino lina tabaka tatu ambazo ni muhimu kuzijua. Juu kabisa ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kisicho na uhai wala maumivu. Chini yake ni dentini, laini kidogo na yenye vijitundu vinavyopitisha hisia. Katikati kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu inayoteremka hadi kwenye mizizi.

Jambo ambalo wengi hatukufundishwa ni kwamba jino halianzi kutengenezwa siku linapotoboa ufizi. Meno ya utotoni huanza kuumbwa mtoto akiwa tumboni, wiki ya 6 hivi ya mimba, na mtoto anapozaliwa yote 20 yamo ndani ya taya yakiwa katika hatua mbalimbali. Ukiiona punje ya hindi changa, lile ambalo bado lina maziwa, umekaribia kuona jino hilo lilivyo: jeupe, laini, lenye unyevu, limekaa katika kijumba chake likisubiri kukomaa. Mganga anayepasua ufizi wa mtoto wa miezi sita na kutoa kitu cheupe cha kubonyea hajatoa plastiki wala nailoni. Ametoa jino ambalo lilikuwa bado linaendelea kujengwa.

Mara nyingi hulengwa chonge, na ukitazama ufizi wa mtoto kwa karibu utaelewa sababu. Pale kwenye kona, ambapo taya linapinda, ufizi wa mtoto mchanga huwa umetuna kidogo na huonekana mweupe kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa chonge limelala chini yake. Uvimbe huo ni wa kawaida na upo pande zote. Sasa tazama ratiba ya kuota. Meno ya mbele ya chini hutangulia, kwa watoto wengi kati ya miezi 6 na 10. Ya mbele ya juu hufuata, kisha yaliyo pembeni yake, kisha magego ya kwanza baada ya mwaka mmoja. Chonge huja baadaye, miezi 16 hadi 22 hivi. Kwa hiyo mtoto wa miezi sita au saba anayetunia ufizi kwenye kona bado ana karibu mwaka mzima kabla jino hilo halijatokeza, na ni sawasawa kabisa kwamba halionekani.

Kuharisha na homa je? Vipo, na havina uhusiano na chonge. Miezi hiyohiyo kinga ambayo mtoto aliipata kwa mama yake kabla ya kuzaliwa inakuwa imepungua, anaanza kulishwa uji na vyakula vingine ambavyo maji au vyombo vyake vinaweza kuwa na uchafu, na anaanza kutambaa na kutia kinywani kila anachookota. Meno nayo yanaanza kuota wakati huo, basi mambo mawili yanayopishana yanaonekana kama baba na mwana. Kuota meno humfanya mtoto atokwe na udenda, asumbue na kung'ata vitu, lakini hakuleti homa kali wala kuhara kwa maji. Mtoto anayehara anahitaji ORS, madini ya zinki, kuendelea kunyonya, na kuonwa na mhudumu wa afya upesi akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa. Kuna watoto wamekufa kwa kukaukiwa maji huku ufizi wao ukiwa umefungwa dawa za majani, na hilo halikupaswa kutokea hata kwa mmoja.

Desturi hii inafahamika Uganda kwa jina la ebiino, ipo Kenya, Sudan na Ethiopia, na madaktari wa meno wa Ulaya na Israel wameikuta kwa watoto wa familia zilizohamia huko kutoka upande huu wa Afrika. Wao hugundua kwa pengo: chonge za utotoni hazipo, na wakati mwingine jino la jirani limeharibika. Tena chonge la kudumu huanza kukomaa miezi michache baada ya kuzaliwa, karibu kabisa na lile la utotoni, kwa hiyo ncha ya spoki inaweza kuligusa na likaota miaka mingi baadaye likiwa na umbo baya, au lisiote.

Mahali pengi kijino hicho kinachotolewa huonyeshwa kwa mama kama mdudu, na hapo ndipo kauli ya tatu inapoungana na ya pili. Imani ya mdudu wa jino ni kongwe mno. Ilikuwapo Babeli ya kale, ikaenea Asia na Ulaya, na huko Ufaransa ni tabibu wa meno Pierre Fauchard aliyeikanusha kwa maandishi mwaka 1728. Mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya utafiti Berlin, alieleza kinachotokea hasa: bakteria waliomo kinywani hula sukari na wanga uliobaki kwenye meno, wakatoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli kidogokidogo hadi shimo linatokea. Bakteria hao hawaonekani kwa macho. Kile kiuzi chenye damu ambacho hutoka jino linapong'olewa au kuchokolewa, ambacho wengi huapa kuwa ni mdudu, ni kiini cha jino, yaani mishipa yake yenyewe.

Ukikumbuka zile tabaka tatu, mwenendo wa maumivu unaeleweka. Shimo likiwa kwenye enameli hakuna kinachouma. Likifika kwenye dentini, maji baridi na vitu vitamu huanza kushtua. Likifika kwenye kiini, usingizi hupotea. Halafu siku moja maumivu hukatika ghafla, na mgonjwa husema dawa ya mizizi imemuua mdudu. Mara nyingi kilichokufa ni kiini chenyewe, na maambukizi yanaendelea kimyakimya kwenye ncha ya mzizi hadi shavu livimbe. Jino lililouma sana likanyamaza lenyewe linahitaji daktari zaidi ya lilivyomhitaji wiki iliyopita, na enameli iliyokwisha kutoboka haioti tena kwa dawa yoyote.

Ulimi una upotoshaji wake, ingawa huo haujamuumiza mtu. Wengi tuliosoma sayansi shuleni tulichora ulimi uliogawanywa: utamu kwenye ncha, chumvi na uchachu pembeni, uchungu nyuma. Mchoro huo ulitokana na vipimo vya Mjerumani D. P. Hänig vya mwaka 1901, vilivyoonyesha tofauti ndogo tu za usikivu, na ambavyo mwaka 1942 Edwin Boring wa Chuo Kikuu cha Harvard alivichora upya kwa namna iliyofanya tofauti hizo zionekane kubwa. Ukweli ni kwamba sehemu zote za ulimi zenye vionjo huonja ladha zote, ikiwemo ile ya tano iliyotambuliwa na Mjapani Kikunae Ikeda mwaka 1908, ambayo sisi huikuta kwenye supu iliyochemka vizuri na kwenye dagaa wakavu. Na anayeutoa ulimi mbele ya kioo akaona nyuma kabisa safu ya vinundu 8 hadi 12 vilivyopangika kwa umbo la V asidhani ni saratani. Ni vituo vya kuonjea vya kawaida. Cha kuogopa ni kidonda au bonge la upande mmoja lisilopona kwa wiki mbili.

Mate nayo hutoka hasa katika jozi tatu za tezi, nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na husafisha meno na kupunguza ile asidi. Kile kipele kidogo ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu, ni tundu la tezi iliyo mbele ya sikio, ile inayovimba mtu akiugua matubwitubwi. Hakikamuliwi wala hakitoboliwi. Usiku mate hupungua sana, na ndiyo maana mswaki wa kabla ya kulala una uzito kuliko wa asubuhi.

Kwa aliyekwisha kukatwa kimeo na kidonda kikapona, hakuna cha kurudisha, na kwa kawaida hakuna cha kuhofia katika kula wala kuongea. Kwa mtoto aliyeng'olewa meno ya plastiki, afuatiliwe: apelekwe kwa daktari wa kinywa na meno anapofikia miaka sita, wakati magego ya kwanza ya kudumu yanapoota, mzazi akaeleze bila kuficha kilichofanyika na umri ambao kilifanyika, ili chonge za kudumu ziangaliwe kwa picha ya eksirei. Za chini hutarajiwa miaka 9 hadi 10, za juu 11 hadi 12, na jino linaloonekana mapema kuwa limepinda njia yake ndani ya taya ni rahisi kulisaidia kuliko lililogunduliwa mtoto akiwa kidato cha nne.